Msimbopau: Tarakimu Moja Inayozilinda Kumi na Mbili

Ukigeuza jalada la nyuma la kitabu cha kiada kilichochapishwa Dar es Salaam au Nairobi katika miaka ya karibuni, aghalabu utakuta mistari myeusi iliyosimama wima, mingine myembamba na mingine minene, na chini yake tarakimu 13. Alama hiyo huitwa msimbopau. Watu wengi hudhani kwamba ndani ya mistari hiyo mmefichwa jina la kitabu, bei yake na jina la mchapishaji. Sivyo. Mna namba tu, ile ile iliyoandikwa chini yake kwa macho ya binadamu. Jina na bei hukaa kwingine, katika kumbukumbu za kompyuta, na namba ni kamba ya kuvutia kumbukumbu hizo.

Jambo hili lilikuwa la wenye maduka makubwa na viwanda. Leo limeingia shuleni, zahanati na katika ofisi ndogo, kwa sababu programu za kawaida za kuandikia barua na za kupangia hesabu zinaweza kuchora misimbopau bila mtambo wowote wa pekee. Mwalimu mwenye dhamana ya stoo ya vitabu anaweza kuandaa lebo 500 kwa jioni moja. Urahisi huo una hatari yake: msimbopau uliokosewa hupendeza macho sawasawa na ulio sahihi. Mwanafunzi aliyerudisha kitabu chake, kikasomwa kwa namba ya kitabu kingine, atadaiwa fedha asizostahili kulipa, na mwalimu ataonyesha karatasi ya kompyuta kuwa ushahidi. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi msimbopau unavyojilinda dhidi ya makosa, na mahali ambapo ulinzi huo huvunjika mikononi mwetu tunapoutengeneza wenyewe.

Kwanza, asili yake kwa ufupi. Mwaka 1948 huko Philadelphia, Marekani, Bernard Silver, mwanafunzi wa Taasisi ya Drexel, alimsikia mkuu wa kampuni ya maduka ya vyakula akiomba chuo kitafute njia ya kusoma habari za bidhaa mahali pa kulipia. Silver na mwenzake Norman Joseph Woodland wakalishughulikia swali hilo. Woodland aliyekuwa ameijua simu ya maandishi ya Morse tangu utotoni, alipata wazo lake akiwa ufukweni Florida: aliburuta vidole mchangani, akaona kwamba nukta na vistari vya Morse vikirefushwa kwenda chini huwa mistari myembamba na minene. Walipewa hataza tarehe 7 Oktoba 1952. Hata hivyo hapakuwa na leza ya kuisoma mistari hiyo wala kompyuta ya bei nafuu ya kuielewa, kwa hiyo wazo lilingoja zaidi ya miaka 20. Tarehe 26 Juni 1974, katika duka moja mjini Troy, jimbo la Ohio, pakiti ya ubani wa kutafuna ilipitishwa juu ya kisomaji, ikawa bidhaa ya kwanza kuuzwa kwa mfumo tuujuao. Alama yenyewe ilibuniwa na George Laurer wa kampuni ya IBM.

Mfumo wa Marekani ulikuwa na tarakimu 12. Ule uliofuata Ulaya, ambao ndio uliosambaa duniani na kufika kwetu, una tarakimu 13 na huitwa EAN-13. Tarakimu 3 za mwanzo hutaja shirika lililotoa namba: 620 ni Tanzania, 616 ni Kenya, na 978 imetengwa kwa vitabu. Hapa tuondoe dhana iliyoenea mno. Namba 620 haithibitishi kwamba bidhaa imetengenezwa Tanzania. Inaonyesha kwamba kampuni yenye namba hiyo iliipata kupitia ofisi ya Tanzania, basi. Kampuni hiyo hiyo yaweza kuagiza bidhaa zake kutoka popote.

Kila tarakimu katika EAN-13 huchorwa ndani ya vipande 7 vyenye upana sawa, vingine vimetiwa wino na vingine vimeachwa vyeupe, hata ikapatikana mistari miwili na nafasi mbili. Kuna tarakimu 6 kushoto na 6 kulia. Yaani vipande 42 kila upande. Ukiongeza mistari ya ulinzi, vipande 3 mwanzoni, 5 katikati na 3 mwishoni, jumla ni 95. Mwanafunzi makini atauliza: 6 na 6 ni 12, je, tarakimu ya 13 iko wapi? Swali zuri. Tarakimu ya kwanza haikuchorwa kabisa. Kila tarakimu ya upande wa kushoto ina sura mbili za kuchagua, moja yenye idadi witiri ya vipande vyeusi na nyingine yenye idadi shufwa, na mpangilio wa sura hizo kwa zile tarakimu 6 ndio unaotaja tarakimu ya kwanza. Ikiwa zote 6 ni witiri, ya kwanza ni sifuri. Kwa njia hiyo msimbo wa zamani wa Marekani ukaingia ndani ya mpya bila bidhaa hata moja kubandikwa lebo nyingine. Huu, kwa maoni yangu, ni mmoja wa werevu mkubwa wa uhandisi wa karne iliyopita, na haukuhitaji chombo kipya.

Sasa tufike kwenye tarakimu ya mwisho, ile ya 13. Hii haichaguliwi na mtu. Hukokotolewa kutokana na 12 zinazoitangulia, nasi tutaiita tarakimu ya ukaguzi. Kanuni yake ni hii: tarakimu zilizo katika nafasi witiri (ya 1, ya 3, ya 5 na kuendelea) hujumlishwa kama zilivyo, zilizo katika nafasi shufwa huzidishwa kwanza kwa 3. Kisha hutafutwa tarakimu ambayo ikiongezwa kwenye jumla hiyo, jumla mpya itagawanyika kwa 10 bila baki.

Tuchukue mfano wa kubuni, 200000004517. Nimeianza na 2 kwa makusudi, maana namba zinazoanza na 200 hadi 299 zimeachwa kwa matumizi ya ndani, nazo hazipewi bidhaa za sokoni duniani kote. Shule itumie hizo. Isijitwalie namba za 620, kwa kuwa zile zina wenyewe. Hesabu ni 2, kisha sifuri saba zisizoongeza kitu, kisha 4, kisha 5 mara 3 ambayo ni 15, kisha 1, kisha 7 mara 3 ambayo ni 21. Jumla ni 43. Inahitajika 7 ili kufikia 50. Namba kamili basi ni 2000000045177.

Tuseme lebo imechafuka, skana haiisomi, na karani anaandika namba kwa mkono. Akikosea tarakimu moja tu, popote, na kwa namna yoyote, hesabu haitakubali. Hilo ni hakika, wala si bahati. Sababu ni kwamba 3 na 10 hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1. Zidisha 0 hadi 9 kwa 3 na uandike tarakimu ya mwisho ya kila jibu: 0, 3, 6, 9, 2, 5, 8, 1, 4, 7. Zote kumi zimetokea, hakuna iliyojirudia. Sasa jaribu kwa 2 badala ya 3: utapata 0, 2, 4, 6, 8, kisha 0, 2, 4, 6, 8 tena. Kwa kizidishi hicho, aliyeandika 6 mahali pa 1 asingekamatwa. Walimu wa hisabati wanaotafuta mfano wa kuonyesha faida ya namba zisizo na kigawo cha pamoja wanao hapa mezani, katika pakiti ya majani ya chai.

Kosa la pili kwa wingi ni la kubadilisha nafasi za tarakimu mbili jirani, mathalani kuandika 54 badala ya 45. Hapa ulinzi una tundu. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, jumla hubadilika kwa mara 2 ya tofauti yao. Tofauti ikiwa 5, badiliko ni 10, na 10 haionekani. Angalia 2000000001616 na 2000000006116: zote mbili ni sahihi kwa hesabu, ilhali moja imetokana na nyingine kwa kubadilisha 1 na 6. Miongoni mwa jozi 45 za tarakimu zisizofanana, jozi 5 hupita hivyo: 0 na 5, 1 na 6, 2 na 7, 3 na 8, 4 na 9. Namba za vitabu za zamani, zile za tarakimu 10 zilizotumika hadi mwisho wa 2006, hazikuwa na tundu hili, kwa kuwa zilitumia kigawanyo cha 11. Ndiyo maana nyingine ziliishia na herufi X kusimamia 10. Tangu tarehe 1 Januari 2007 vitabu viliingizwa katika mfumo wa tarakimu 13 wa bidhaa nyingine. Tulipata usawa dunia nzima, tukapoteza sehemu ya ulinzi.

Katika lahajedwali hesabu hii ni nyepesi. Weka tarakimu 12 katika seli A2 hadi L2, moja katika kila seli. Katika M2 andika =A2+C2+E2+G2+I2+K2+3*(B2+D2+F2+H2+J2+L2), na katika N2 andika =MOD(-M2,10). Alama ya kutoa imewekwa kwa kusudi: baki ya -43 kwa 10, katika lahajedwali, ni 7, ambayo ndiyo tunayoitaka. Wanafunzi wanaojifunza lugha ya programu ya C watahadhari, kwani huko jibu ni -3.

Kuna watu wasiopenda hesabu hizi, nao hutafuta njia ya mkato. Hupakua fonti ya msimbopau, yaani seti ya herufi ambazo badala ya kuwa na umbo la A au B zina umbo la mistari, kisha huandika namba na kuibadilishia fonti. Je, inafaa? Inategemea aina ya msimbo.

Aina iitwayo Code 39, iliyobuniwa mwaka 1974, inaivumilia njia hiyo. Kila herufi yake ina mistari 5 na nafasi 4, jumla 9, na kati ya hizo 3 ni pana. Tuhesabu: mistari 2 mipana kati ya 5 huchaguliwa kwa njia 10, nafasi 1 pana kati ya 4 kwa njia 4, hivyo herufi 40. Zimeongezwa 4 ambazo mistari yake yote ni myembamba na nafasi 3 ni pana. Jumla ni 44: tarakimu, herufi kubwa, alama chache, na kinyota ambacho ni cha kufungulia na kufungia tu. Mstari mwembamba ukivimba kwa wino hata uonekane mpana, patakuwa na vipana 4, na hakuna herufi ya namna hiyo. Kila herufi, kwa hiyo, inajikagua yenyewe. Katika lahajedwali inatosha kuandika ="*"&A2&"*" na kuweka fonti yake. Asiyeweka vinyota atapata mistari mizuri ambayo skana itaipita kimya.

Code 128, iliyotokea mwaka 1981, ni ya kubana zaidi, na hukubali herufi ndogo pia. Lakini haisomeki bila alama yake ya ukaguzi, na alama hiyo haikai ndani ya fonti. Tuseme shule inatumia namba KT27. Kila herufi ina thamani yake: K ni 43, T ni 52, 2 ni 18, na 7 ni 23. Alama ya kuanzia ina thamani 104. Tunazidisha kila thamani kwa nafasi yake: 104, jumlisha 43, jumlisha 52 mara 2, jumlisha 18 mara 3, jumlisha 23 mara 4. Jumla ni 397. Tukigawa kwa 103 baki ni 88, nayo ni thamani ya herufi ndogo x. Hivyo kinachopaswa kuchapwa ni alama ya kuanzia, kisha KT27x, kisha alama ya kumalizia. Karani aliyeandika KT27 tupu akaivisha fonti hajatengeneza msimbopau, amechora ua wa vijiti. Tazama pia kwamba kuzidisha kwa nafasi kunamfanya anayebadilisha nafasi za herufi mbili akamatwe, maana 103 ni namba tasa. Lile tundu la EAN-13 halimo humu. Programu ya Word, tangu toleo la mwaka 2013, inazikokotoa alama hizi yenyewe kwa uga uitwao DISPLAYBARCODE, na anayeandaa lebo nyingi kutoka katika orodha hutumia MERGEBARCODE. Mimi ningeshauri njia hiyo kuliko fonti.

Hatari iliyo kubwa kuliko ya fonti hutokea kabla ya mstari kuchorwa, ndani ya lahajedwali lenyewe. Lahajedwali hupenda kudhani kwamba kila kilichoandikwa kwa tarakimu ni kiasi. Ukiandika 00417, litaona 417, kwa kuwa sifuri za mbele hazina thamani katika hesabu. Lakini namba ya lebo si kiasi. Hakuna anayejumlisha namba mbili za vitabu. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, na 00417 na 417 ni majina mawili.

Tena, Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba. Zinazozidi hugeuzwa sifuri. Tarakimu 13 za EAN zinapona. Lakini Namba ya Kitambulisho cha Taifa hapa Tanzania ina tarakimu 20. Mtu akiiandika kwa mfululizo bila vistari katika seli ya kawaida, tarakimu 5 za mwisho zitakuwa sifuri, na hakuna king'ora kitakacholia. Watu wawili waliozaliwa siku moja na kuandikishwa eneo moja wanaweza kugeuka mtu mmoja. Faili likishahifadhiwa, zilizopotea hazirudi. Dawa ni kuifanya safu nzima kuwa ya maandishi kabla ya kuandika chochote. Ukifanya baadaye, umechelewa.

Kutoka lahajedwali twende kwenye kanzidata, ambamo hukaa maana ya namba. Hapa kuna jambo ambalo shule nyingi hukabiliana nalo siku ya kwanza. Kitabu cha Fizikia cha Kidato cha Tatu kina msimbopau jaladani. Kwa nini tusiutumie huo, tukaokoa gharama ya lebo? Kwa sababu shule ina nakala 40 za kitabu hicho, na zote zina namba moja. Namba ya jaladani hutaja kitabu, haitaji nakala. Ukiazimisha kwa namba hiyo utajua kwamba Fizikia imetoka, hutajua ni ipi, wala nakala iliyorudi ikiwa imechanika ilikuwa kwa nani.

Yanahitajika basi majedwali matatu. La kwanza ni la vitabu, lenye namba ya jaladani na jina la kitabu. La pili ni la nakala: kila safu ni nakala moja, yenye namba ya lebo ya shule na kiungo cha kwenda kwenye jedwali la vitabu. La tatu ni la uazimaji: namba ya lebo, namba ya mwanafunzi, tarehe ya kutoka na ya kurudi. Uga wa lebo uwe wa maandishi, tena uwekewe sharti la kutorudiwa, ili kanzidata yenyewe ikatae lebo mbili zinazofanana. Na namba iwe bubu. Wengi hushawishika kuingiza ndani yake kidato, mwaka wa kununuliwa, hata rafu. Mitaala hubadilika na rafu huhamishwa, ilhali lebo imeshagandishwa. Yanayobadilika yakae katika jedwali.

Skana nyingi za bei ya kawaida zina tabia ambayo mwalimu apaswa kuijua: kwa kompyuta, skana ni kibodi. Inaandika tarakimu kwa kasi, kisha inabonyeza kitufe cha Enter. Haijui iko katika uga gani. Kishale kikiwa mahali pa jina la mwanafunzi, namba ya kitabu itaandikwa hapo, na tarakimu ya ukaguzi haitasema lolote, kwa kuwa namba yenyewe ni sahihi. Hivyo fomu ya kuazimisha ikague kwamba kilichoingia kina urefu unaotakiwa na kinaanza na 2.

Limebaki suala la uchapaji. Kipande kimoja cha EAN-13, kwa ukubwa wa kawaida, kina upana wa milimita 0.33. Kushoto kwa mistari huachwa weupe wa vipande 11 na kulia vipande 7, hivyo alama nzima huwa na vipande 113, yaani milimita 37.29. Weupe huo ni sehemu ya msimbo. Anayeuzungushia fremu ili upendeze ameuharibu. Na printa hupiga nukta, haipigi milimita. Printa za lebo zilizo nyingi zina nukta 8 kwa milimita, kila moja ikiwa na milimita 0.125. Gawa 0.33 kwa 0.125 upate 2.64. Hakuna nukta 0.64, hivyo vipande vingine vitapata nukta 2 na vingine 3, na uwiano ambao skana huutegemea utapotea. Chagua kipande cha milimita 0.375, chenye nukta 3 kamili. Kwa sababu hiyo hiyo usivute pembe ya picha ya msimbopau ili ienee katika kisanduku cha barua.

Kabla ya kubandika lebo 500, chapa 10, uzisome kwa skana, na ulinganishe kila namba inayotokea na ile iliyochapwa chini ya mistari, tarakimu kwa tarakimu. Zisomwe pia na skana nyingine ikiwa ipo. Lebo iliyogandishwa kwenye jalada haibanduki bila kuondoka na rangi ya kitabu.

Kwa wanafunzi, hili hapa zoezi. Lebo ya shule imemwagikiwa chai na tarakimu moja imefutika: 200000006?188. Itafuteni. Kisha elezeni kwa nini jibu ni moja tu, na kama lingeendelea kuwa moja endapo kizidishi cha nafasi shufwa kingekuwa 5 badala ya 3.